Ifahamu Darubini Kabla ya Kutoa Fedha

Katika kata zinazopakana na Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, na katika vijiji vinavyounda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Burunge wilayani Babati, darubini ya macho mawili si chombo cha anasa. Mlinzi wa shamba huihitaji ili awatambue tembo wangali mbali, kabla hawajaingia kwenye mahindi. Askari wa wanyamapori wa kijiji huitumia kuangalia kundi limeelekea wapi bila kulisogelea. Kijana anayewaongoza wageni kando ya Ziwa Burunge hawezi kuwaonesha ndege walio upande wa pili wa maji pasipo chombo hicho.

Hata hivyo, wanunuzi wengi huchagua darubini kwa kutazama jambo moja tu, yaani kiasi gani inakuza. Muuzaji husema hii ni ya mara 10, ile ni ya mara 30, na mnunuzi huamini kuwa yenye namba kubwa ndiyo bora. Matokeo yake huonekana jioni ya kwanza shambani: picha inatetemeka, giza limejaa ndani ya lenzi, na kivuli kilichoko ukingoni mwa shamba hakijulikani kama ni tembo, ng'ombe au kichaka.

Gharama ya kosa hilo huwa kubwa zaidi pale fedha zinapokuwa za mkopo. Kwa mujibu wa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, lakini hurejeshwa. Kikundi cha vijana waongoza wageni kilichonunua darubini zisizofaa kitaendelea kudaiwa hata kama darubini hizo zimewekwa kabatini. Makala haya yanaeleza maana ya namba na alama zinazoandikwa kwenye darubini, na namna ya kuipima kwa mkono na kwa macho kabla ya kulipa.

Namba mbili na maana yake

Karibu kila darubini huandikwa namba mbili zilizotenganishwa na alama ya kuzidisha, kwa mfano 8x42, 10x42, 10x25 au 7x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita.

Ukuzaji wa mara 8 maana yake ni kwamba kitu kilicho umbali wa mita 800 huonekana kana kwamba kiko mita 100 kutoka kwa mtazamaji. Kwa darubini ya mara 10, tembo yuleyule ataonekana kana kwamba yuko mita 80. Tofauti kati ya mara 8 na mara 10 ipo, lakini si kubwa kama wengi wanavyodhani.

Lenzi ya mbele ndiyo mlango wa kuingizia mwanga. Kadiri mlango ulivyo mpana, ndivyo mwanga mwingi unavyoingia, na ongezeko hilo ni la haraka kuliko namba zenyewe zinavyoonesha, kwa sababu eneo la duara hutegemea kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe. Lenzi ya milimita 42 ina kipenyo mara mbili ya lenzi ya milimita 21, lakini hukusanya mwanga mara nne zaidi. Hata hivyo, lenzi kubwa ni nzito, hivyo anayetaka mwanga mwingi hana budi kukubali kubeba uzito zaidi.

Hesabu ya kugawanya

Namba hizo mbili zina siri ya tatu ambayo mara nyingi haiandikwi kwa herufi kubwa, nayo hupatikana kwa kugawanya. Mnunuzi achukue kipenyo cha lenzi ya mbele, akigawanye kwa ukuzaji. Jibu ni upana, kwa milimita, wa duara la mwanga linalotoka nyuma ya darubini na kuingia jichoni. Kwa darubini ya 8x42, 42 ikigawanywa kwa 8 ni 5.25. Kwa 10x42 ni 4.2. Kwa 7x50 ni kama 7.1. Kwa 10x25 ni 2.5 tu, na kwa 20x50 pia ni 2.5.

Umuhimu wa hesabu hii unatokana na jicho lenyewe. Mchana wa jua kali, mboni ya jicho hujibana na kubakia na upana wa milimita 2 hadi 3. Wakati huo, duara la milimita 2.5 linatosha, na darubini ndogo ya mfukoni huonekana kuwa nzuri sawa na kubwa. Jua linapozama, mboni hupanuka. Kijana anaweza kufikisha milimita 7 gizani, ilhali mtu mzima wa umri wa miaka 50 na kuendelea mara nyingi hafikishi zaidi ya 5. Darubini inayotoa duara la milimita 2.5 kwa mboni iliyopanuka hadi milimita 6 ni sawa na kumpa mtu mwenye kiu kikombe kilichojaa robo.

Hapo ndipo mnunuzi wa maeneo haya anapaswa kufikiri sana. Dukani darubini hujaribiwa saa sita mchana, lakini tembo huingia mashambani zaidi jioni na usiku. Kwa kuwa wilaya iko karibu na Ikweta, giza huingia upesi; baada ya jua kuzama, mwanga unaofaa kutazamia hudumu kwa muda usiofika nusu saa. Muda huo mfupi ndio unaoipima darubini ya mlinzi. Kwa kazi ya jioni, jibu la kugawanya lisipungue 5. Kwa matumizi ya mchana pekee, 3 hadi 4 huridhisha.

Kukuza sana si kuona sana

Darubini haikuzi picha peke yake. Hukuza pia mtetemo wa mikono. Mapigo ya moyo, pumzi na upepo husogeza mikono kidogo sana, lakini kwa ukuzaji wa mara 20 msogeo huo huonekana mara 20. Watu wengi huweza kushika kwa utulivu darubini ya mara 7 au 8. Mara 10 ni kikomo kwa wengi wanaotumia mikono mitupu. Zaidi ya hapo, darubini huhitaji kuegemezwa kwenye mti, dirisha la gari au kusimamishwa juu ya kiweko cha miguu mitatu. Mtu aliyetembea kwa kasi hadi juu ya kilima, akiwa anahema, ataona vizuri zaidi kwa mara 8 kuliko kwa mara 12.

Ukuzaji mkubwa hupunguza pia upana wa eneo linaloonekana. Kipimo hiki huandikwa kwenye darubini kwa njia tatu. Ya kwanza ni mita zinazoonekana kwa umbali wa mita 1,000, kwa mfano 130 m/1000 m. Ya pili ni futi kwa yadi 1,000, kwa mfano 390 ft/1000 yds. Hapo mnunuzi agawanye futi kwa 3 na atapata mita kwa mita 1,000, yaani 130 ileile. Ya tatu ni nyuzi. Kila nyuzi 1 ni takriban mita 17.5 kwa umbali wa mita 1,000, hivyo nyuzi 7.4 ni karibu mita 130.

Darubini nyingi nzuri za 8x42 huonesha mita 120 hadi 140, na za 10x42 huonesha karibu 110. Darubini ya mara 20 mara nyingi haifiki mita 60. Tofauti hiyo inagusa kazi moja kwa moja. Mlinzi anayetafuta kundi lililotawanyika kwenye vichaka huhitaji eneo pana ili alipate upesi. Mwongoza wageni anayemfuata ndege arukaye atampoteza ndege huyo mara moja kwenye eneo jembamba.

Vioo vya ndani na utando wa lenzi

Ndani ya kila bomba la darubini mna vipande vya kioo viitwavyo miche au prizimu, ambavyo kazi yake ni kuigeuza picha isimame wima. Vipo vya namna mbili kuu. Namna ya kwanza hutokana na kazi ya Mtaliano Ignazio Porro, aliyepata hakimiliki ya uvumbuzi wake mwaka 1854. Kampuni ya Zeiss ya Ujerumani ilianza kuuza darubini za mikono zenye prizimu hizo mwaka 1894. Darubini hizi hutambulikana kwa mabega yake mapana, kwa kuwa lenzi za mbele zimeachana kuliko lenzi za macho. Namna ya pili ina mabomba yaliyonyooka, ni nyembamba na huenea vizuri mkononi, lakini utengenezaji wake unahitaji usahihi mkubwa. Kwa hiyo, kati ya darubini mbili za bei ya chini iliyo sawa, yenye mabega mapana mara nyingi hutoa picha bora. Kwa bei ya kati na ya juu, yenye mabomba yaliyonyooka hupendwa kwa wepesi wake na kwa kuzuia maji.

Kioo cha prizimu huandikwa BK-7 au BaK-4. Cha pili ni bora zaidi, kwa kuwa hupitisha mwanga hadi kingoni mwa picha. Mnunuzi anaweza kupima bila kutegemea maandishi ya boksi. Aishike darubini umbali wa urefu wa mkono, aielekeze kwenye anga jeupe lisilo na jua, kisha atazame vile viduara viwili vya mwanga kwenye lenzi za macho. Duara kamili na angavu ni dalili njema. Likiwa na kingo za kijivu zilizokatwa na kulifanya lifanane na mraba, prizimu ni za kiwango cha chini.

Utando wa lenzi nao una thamani. Kila uso wa kioo usiopakwa utando hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwanga unaoupiga, na ndani ya darubini nyuso hizo ni nyingi. Pasipo utando, sehemu kubwa ya mwanga hupotea kabla ya kufika jichoni. Herufi FMC humaanisha kuwa nyuso zote zinazopitisha mwanga zimepakwa tabaka nyingi za utando, na hicho ndicho kiwango cha kutafuta. Herufi MC humaanisha tabaka nyingi kwenye baadhi ya nyuso tu. Mnunuzi ageuze lenzi chini ya taa: utando mzuri huonesha mng'ao hafifu wa kijani au zambarau na kioo huonekana cheusi, taa ikionekana nyeupe na kali kama kwenye kioo cha dirisha, utando haupo.

Wanunuzi wajihadhari na lenzi nyekundu zinazong'aa kama kioo cha kujitazamia. Zinavutia macho mnadani, lakini wekundu unaoonekana ni mwanga uliokataliwa kuingia. Anayetazama kupitia lenzi hizo huona picha yenye rangi ya kijani na samawati, na jioni huona hafifu zaidi.

Wanaovaa miwani

Kila darubini ina umbali maalumu ambao jicho linapaswa kuwa nyuma ya lenzi ili lione picha nzima. Umbali huo huandikwa kwa milimita kwenye karatasi ya maelezo. Asiyevaa miwani huweza kutumia darubini yenye umbali wa milimita 10 hadi 12. Mvaa miwani ahakikishe usipungue milimita 15, na 16 hadi 18 ni bora zaidi. Vinginevyo ataona tundu dogo katikati ya giza.

Vikombe vya mpira vinavyozunguka lenzi za macho vipo kwa ajili hiyo. Mvaa miwani huviteremsha, asiyevaa huvipandisha. Kikundi kinachonunua darubini ya kutumiwa na watu wengi kizingatie mwanachama mwenye miwani kwanza, kwa kuwa darubini inayomfaa yeye itawafaa na wengine, lakini kinyume chake si kweli.

Upana kati ya macho nao hutofautiana. Mabomba yafunguliwe na kufungwa kwenye bawaba hadi duara mbili ziwe moja. Zisipoungana kwa mtumiaji mwenye uso mwembamba, hasa mtoto, darubini hiyo haimfai hata kama lenzi zake ni bora.

Maji, vumbi na uzito

Alama ya IPX4 humaanisha chombo huvumilia matone na mvua nyepesi. IPX7 humaanisha huvumilia kuzamishwa katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kwa wavuvi wa Ziwa Babati na kwa walinzi wanaokesha msimu wa masika, ya pili ndiyo salama. Darubini zilizofungwa vizuri hujazwa gesi ya naitrojeni ili lenzi zisipate ukungu ndani pale hewa ya asubuhi inapokuwa baridi. Ukungu wa nje hufutika. Ukungu wa ndani hubakia, na mwishowe huweza kuotesha kuvu kwenye kioo.

Kuhusu uzito, darubini ya 8x42 huwa na gramu 600 hadi 800, na ya 7x50 mara nyingi hukaribia au kuzidi kilo 1. Tofauti hiyo haionekani dukani, bali baada ya saa tatu za kutembea na mkanda shingoni.

Udanganyifu ulio wa kawaida

Namba kubwa kupita kiasi ndiyo dalili ya kwanza. Darubini inayotosha kiganjani ikiandikwa 50x50 au 100x100 haisemi kweli. Rula ya mwanafunzi hutosha kulithibitisha hilo. Mnunuzi apime kipenyo cha lenzi ya mbele, kisha apime kiduara cha mwanga kwenye lenzi ya jicho, halafu agawanye cha kwanza kwa cha pili. Ikiwa boksi limeandikwa 30x60, lenzi ni milimita 60 na kiduara ni milimita 5, basi ukuzaji wa kweli hauzidi mara 12.

Dalili ya pili ni maneno ya muuzaji kwamba darubini huona usiku. Darubini ya kawaida hukusanya mwanga uliopo, haitengenezi mwanga. Huweza kusaidia wakati wa mbalamwezi ikiwa lenzi zake ni pana, lakini kwenye giza nene haioneshi kitu. Vyombo vya kuonea gizani ni vya umeme, hutumia betri na bei yake ni tofauti kabisa.

Dalili ya tatu ni darubini ya kuvuta na kurudisha ukuzaji, inayoandikwa kwa mfano 10-30x50. Huonekana kuwa darubini tatu kwa bei ya moja. Kwa kweli, katika bei za chini picha yake ni nyembamba, na ikifikishwa mara 30 duara la mwanga hushuka hadi milimita 1.7, hivyo huwa na giza hata wakati wa alasiri.

Majaribio sita kabla ya kulipa

Mnunuzi asitosheke kutazama ukuta wa ndani ya duka. Amwombe muuzaji ruhusa ya kusimama mlangoni, kisha afanye haya:

1. Aitikise darubini taratibu karibu na sikio. Mlio wa kitu kinachogonga ndani ni dalili ya prizimu iliyolegea.

2. Azungushe gurudumu la kulenga mwanzo hadi mwisho. Lizunguke laini, pasipo kukwama wala kuchezacheza.

3. Alisawazishe jicho moja baada ya jingine. Azibe lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, alenge kwa jicho la kushoto kwa kutumia gurudumu la katikati. Kisha azibe ya kushoto, na alenge kwa jicho la kulia kwa kuzungusha pete iliyoko kwenye lenzi ya jicho la kulia. Baada ya hapo pete haiguswi tena. Hulenga kwa gurudumu pekee. Wengi huziona darubini nzuri kuwa mbovu kwa kutoifahamu hatua hii.

4. Atazame ukingo wa paa au nguzo ya umeme iliyo mbali. Akiona nguzo mbili, au akihisi macho yanavutwa, mabomba hayako sambamba. Darubini hiyo itamletea maumivu ya kichwa, na matengenezo yake yanahitaji fundi mwenye vifaa maalumu.

5. Atazame jani jeusi au waya dhidi ya anga angavu. Mstari mpana wa zambarau au kijani kandokando yake huonesha lenzi za kiwango cha chini.

6. Atazame mahali penye kivuli kizito, kama chini ya mti au ndani ya banda la mbali, na alinganishe darubini mbili au tatu hapohapo. Hilo ndilo jaribio lililo karibu zaidi na hali ya jioni. Ikiwezekana, mnunuzi afike dukani saa kumi na mbili jioni badala ya mchana.

Jambo moja halijaribiwi kamwe: jua. Kulitazama jua kupitia darubini, hata kwa nukta moja, huweza kuunguza jicho na kuliharibu kabisa, na wazazi wawaonye watoto kuhusu hilo.

Ipi kwa kazi ipi

Kwa mlinzi wa shamba na askari wa wanyamapori wa kijiji, 8x42 isiyopitisha maji ndiyo chaguo la kati linalofaa. Ikiwa ulinzi hufanyika kwenye dungu na uzito si tatizo, 7x50 huona vizuri zaidi jioni, hasa kwa vijana ambao mboni zao bado hupanuka kikamilifu.

Kwa mwongoza wageni, 8x42 pia inafaa. Aangalie zaidi umbali mdogo ambao darubini inaweza kulenga. Usizidi mita 2 au 3, ili ndege aliye kwenye kichaka cha jirani, kama wale wa jamii ya kasuku wenye mkufu wa manjano wapatikanao Tarangire, waonekane vizuri. Anayefanya kazi zaidi kwenye mwambao mpana wa Ziwa Manyara, ambako heroe husimama mbali na ukingo, anaweza kuchagua 10x42.

Kwa mvuvi aliye ndani ya mtumbwi, 7x50 ni bora kwa sababu mtumbwi wenyewe hutikisika, na ukuzaji mdogo humwezesha kumwona kiboko mapema. Kwa shule, darubini za 6x30 au 8x32 huwafaa watoto kwa wepesi wake. Shule yenye 10x50 iliyoegemezwa vizuri inaweza kuwaonesha wanafunzi mashimo ya mwezini na miezi minne mikubwa ya sayari ya Mshtarii.

Bei za darubini huanzia makumi ya maelfu ya shilingi hadi milioni kadhaa. Si lazima kikundi kinunue ya ghali. Darubini moja ya wastani iliyopimwa kwa makini ina manufaa kuliko tatu za bei ya kutupa ambazo hakuna atakayezitumia.

Baada ya kununua

Mnunuzi adai risiti ya EFD na hati ya waranti, na namba ya utambulisho wa chombo iandikwe katika daftari la mali za kikundi. Kikundi kikubaliane mapema nani anaitunza, nani anaruhusiwa kuitumia na nani atawajibika ikipotea.

Vumbi ni adui mkubwa wakati wa kiangazi. Lenzi isifutwe kwa kanga wala kwa pindo la shati, kwa kuwa chembe za mchanga hukwaruza utando. Kwanza vumbi lipulizwe au lipanguswe kwa brashi laini. Kisha lenzi ifutwe kwa kitambaa safi cha miwani. Darubini ihifadhiwe mahali pakavu, na isiachwe juani mbele ya kioo cha gari.

Hatimaye, wananchi wakumbuke kuwa darubini haifukuzi tembo. Kazi yake ni kumpa mtazamaji umbali na muda: umbali wa kutosha asijihatarishe, na muda wa kutosha kuwaamsha wenzake na kutoa taarifa kwa askari wa wanyamapori wa kijiji au ofisi ya kijiji. Anayemwona tembo kwa darubini na kisha kumfuata ili amwone vizuri zaidi amelipoteza lengo la chombo hicho.

Vikundi vinavyotaka kuomba mkopo kwa ajili ya vifaa vya kazi vinashauriwa kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, na masuala ya wanyamapori waharibifu yapelekwe kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya. Kabla ya kufika huko, kikundi kiwe kimekwisha kuandika kazi itakayofanyika, saa zitakazotumika, watakaoitumia darubini na namba mbili kinazozihitaji. Kikundi chenye majibu hayo mkononi hakitachaguliwa darubini na muuzaji, kitaichagua chenyewe.